Mabati ya "geji 28" yamekuwa mepesi, na risiti inasema "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Nimebanwa kweli?

Mwanamahuta

Wakuu, habari za kazi. Niko Mahuta, wilaya ya Tandahimba. Naomba mwenye kujua sheria anisaidie, maana fundi amesimamisha kazi na mimi sijui nimwambie nini.

Baada ya malipo ya korosho nilishuka Mtwara mjini kununua mabati ya nyumba ya mama yangu. Nilitaka geji 28, ambayo ni nene kuliko geji 30, na mtu wa uwanda huu ataelewa kwa nini. Huku juu maji ni ya shida, kwa hiyo tunakinga ya mvua. Yanatoka bombani mwa mfereji yanaingia kwenye tangi, na tunayatumia mpaka kiangazi kikolee. Bati likiota kutu, kutu hiyo unainywa. Dukani walinionyesha geji 30 kwa shilingi 27,000 na geji 28 kwa shilingi 36,000, yote ya mita tatu. Nikachukua 62 ya geji 28, nikalipa shilingi 2,232,000 taslimu. Yakaja na kenta, kila bati lina mhuri wa wino G28.

Fundi alishapaua upande wa mbele, mabati 44, ndipo akaniita nipande ngazi. Akaweka kiganja katikati ya papi mbili na kusukuma kidogo tu, bati likabonyea na kubaki hivyo hivyo. Akachukua kipande cha geji 28 kilichobaki kwenye nyumba ya jirani, akajaribu kukikunja kwa mikono kikagoma. Changu kilikunjika bila taabu. Halafu akaloweka kitambaa kwenye thina na kusugua taratibu ule mhuri kwenye bati moja ambalo bado liko stoo. Wino wa G28 ulipotoka, chini yake ikaonekana alama iliyokwanguliwa: herufi G, tarakimu 3, na ya mwisho imechubuliwa haisomeki. Tukashika tepu. Mita tatu zangu zinaishia sentimita 292.

Nilimpigia mwenye duka. Akaniambia, "Mama, soma risiti yako." Kweli, chini ya risiti ya mkono pameandikwa kwa herufi kubwa BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI WALA HAIBADILISHWI. Risiti hiyo ndiyo imeandikwa "bati G28 x 62". Ile ya EFD, ya mashine ya kodi, inasema "vifaa vya ujenzi" na jumla ya fedha, basi.

Kinachoniuma ni hiki. Korosho yangu ikifika ghalani inapimwa unyevu. Inachukuliwa sampuli, punje zinapasuliwa kwa kisu zionekane ndani. Inapangwa daraja la kwanza au la pili, na bei inafuata daraja. Gunia likiwa na mawe au korosho mbichi, narudishiwa nikalianike na kulichambua upya, na sijawahi kulalamika kwa hilo kwa sababu anayenunua ana haki ya kupata alicholipia. Sasa fedha hiyo hiyo, iliyopitia ukaguzi wote huo, nikiipeleka dukani naambiwa hakuna ukaguzi wala kurudisha. Sheria inasema hivyo kweli? Na kama haisemi hivyo, naanzia ofisi gani?

Fundi_Kenchi

Dada pole. Mimi napaua Masasi na Nachingwea, haya mambo tunakutana nayo kila msimu. Geji namba ikipanda bati linapungua unene, kwa hiyo 30 ni jembamba kuliko 28. Usimwachie mtu akupimie kwa kugonga au kwa macho. Azima mikromita kwa mchonga vyuma, safisha ukingo wa bati, pima sehemu tatu au nne za bati moja, halafu pima na kipande cha jirani uandike namba zote. Rangi nayo ina unene wake, kwa hiyo ukipima ya rangi linganisha na ya rangi.

Na mwambie fundi asipige hata bati moja zaidi.

Mstaafu_Lindi

Mwanangu Mwanamahuta, salamu kutoka Lindi. Nilikuwa afisa biashara wa halmashauri mpaka nilipostaafu, na suala lako nimelishughulikia kwa sura nyingi: magodoro, betri za sola, mbegu, simu. Nitajibu kwa urefu kwa sababu watu wengi wa mikoa yetu hii miwili wananyamazishwa na mstari huo mmoja wa risiti.

Tuanze na mstari wenyewe. Makubaliano yenu yalikamilika pale uliposema nataka geji 28, yeye akakubali, ukalipa. Risiti ilikuja baadaye. Sharti ambalo hukuonyeshwa kabla ya kulipa haliwezi kuingizwa kwenye makubaliano kwa kuandikwa kwenye karatasi unayokabidhiwa ukiwa unaondoka. Atasema ameliandika ukutani pia. Sawa, hata likiwa ukutani, kuna Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003. Kifungu cha 15 kinakataza mfanyabiashara kufanya jambo lolote linalopotosha au linaloelekea kupotosha. Kifungu cha 16 kinakwenda kwenye undani: kinakataza kudanganya kwamba bidhaa ni ya kiwango, ubora au daraja fulani wakati siyo, na pia kinakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki zake. Bango linalomwambia kila mnunuzi kwamba hana haki ya kurudisha kitu chochote, kwa sababu yoyote ile, linamweleza uongo kuhusu haki ambayo sheria imempa.

Sheria yetu ya zamani, ile ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliirithi kwa mkoloni na yeye aliichukua kwao. Inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Umeuziwa "bati G28 la mita tatu", basi lazima liwe geji 28 na liwe mita tatu. Lakini sheria hiyo ina tundu: inawaruhusu muuzaji na mnunuzi wakubaliane kuondoa ulinzi huo. Wafanyabiashara wawili wakubwa wakikubaliana hivyo ni sawa, kila mmoja anajua anachosaini. Kwa mama aliyetoka Mahuta na fedha za korosho haikuwa haki hata kidogo. Sheria ya 2003 ndiyo iliyoziba tundu hilo kwa mlaji, kwa kuweka masharti ambayo yamo ndani ya kila mauzo, yaandikwe yasiandikwe, na muuzaji hana uwezo wa kuyafuta kwa kalamu. Wewe ni mlaji kwa maana ya sheria kwa sababu umenunua kwa ajili ya nyumba ya mama yako. Ungekuwa umenunua ili uyauze tena, ningekujibu vingine.

Hapo nieleze na upande wa pili, maana watu wanaukosea. Sheria haikupi ruhusa ya kurudisha kitu kizima kwa kuwa umeona cha bei nafuu duka la jirani, au rangi imekuchosha. Kwa jambo hilo mwenye duka akikataa yuko sahihi, na lile bango lake hapo lina kazi. Wala hukingwi kwa kasoro uliyoonyeshwa ukanunua hivyo hivyo. Unakingwa pale ulichopewa si ulichouziwa.

Sasa sehemu ngumu, na hapa usome polepole. Mabati yaliyoko juu ya nyumba na mabati yaliyoko stoo hayako katika hali moja. Ukishapiga msumari, umelitumia bati kama mali yako, na sheria inahesabu kwamba umelipokea. Mlango wa kulirudisha unafungwa, unabaki mlango wa fidia. Tena mwenye duka akipata wakili hodari, atasema huu ulikuwa mzigo mmoja, umepokea sehemu, basi umepokea wote. Hoja hiyo ina mashiko, sitaki kukuficha. Lakini hata ikishinda, fidia haigusi. Ndiyo sababu Fundi_Kenchi amekushauri vema: acha kupiga, kwa kuwa mabati 18 ya stoo ni ushahidi ambao haujaguswa, na ni mzigo ambao yeye anaweza kuupokea bila hasara kubwa.

Kuhusu ofisi. Usiende kwa mtendaji wa kata kumshtaki mtu wa Mtwara mjini, utazungushwa. Urefu uliopungua ni kazi ya Wakala wa Vipimo, wana ofisi mkoani. Watu wanadhani wakala huyo ni wa mizani ya korosho na lumbesa tu, kumbe kipimo ni kipimo, hata cha tepu. Kuuza sentimita 292 kwa jina la mita tatu ni kosa chini ya sheria yao. Unene na ubora peleka Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ofisi ya Kanda ya Kusini iko hapo hapo Mtwara. Wao wanaweza kuchukua sampuli na kupima kitaalamu, na majibu yao yana uzito kuliko mikromita ya kuazima. Ule mhuri uliokwanguliwa na kupigwa upya peleka kwa Tume ya Ushindani, FCC, kwa barua yenye picha. Mhuri wa kugushi unaingia pia kwenye Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo Tume ndiyo inayoisimamia. Kwa ukiukaji wa Sheria ya Ushindani Tume inaweza kumtoza mfanyabiashara faini inayoweza kufika asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka, na aliyepata hasara anaruhusiwa kuiomba itoe amri ya fidia. Asiyeridhika na uamuzi anakata rufaa Baraza la Ushindani.

Risiti zote mbili zishone pamoja. Ya EFD inathibitisha ulilipa nani na kiasi gani, ya mkono inathibitisha ulilipia nini. Aliyeandika "bati G28 x 62" kwa mkono wake amekufanyia kazi kubwa.

Hadwea_Masasi

Nimesoma yote. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, na naomba tusikilizwe na sisi. Mzigo tunaupokea kutoka kwa msambazaji ukiwa tayari una mhuri. Mabati yanakuja yamefungwa mia kwa mia, sina mashine ya kupima kila moja. Inawezekana kabisa mwenye duka huyo naye ameuziwa hivyo hivyo. Mnamwita mwizi kabla hajasikilizwa.

Na hilo bango tumeliweka kwa sababu. Mtu ananunua rangi Jumatatu, anapaka chumba, Jumatano anarudisha nusu kopo. Mwingine shemeji yake amemwambia kuna duka la bei rahisi. Tukikubali yote hayo tutafunga.

Mstaafu_Lindi

Ndugu yangu wa Masasi, nakuheshimu, na sikumwita mtu mwizi. Soma nilivyoandika. Wa nusu kopo la rangi mkatalie, sheria iko na wewe.

Lakini kwa bati lisilolingana na maelezo, kutojua hakukuokoi. Mkataba wa mama huyu ni na duka. Hajui msambazaji, hana risiti yake, hana pa kumpata. Wewe unaye, unazo ankara zake, na sheria ile ile inayompa mama haki juu yako inakupa wewe haki juu ya msambazaji wako, kwa kuwa naye alikuuzia kwa maelezo. Kifungu cha 15 hakiulizi ulikusudia nini. Kinauliza kama ulichofanya kinapotosha. Ukijua hivyo, utaanza kupima bati moja katika kila mzigo kabla hujamsainia dereva, na huyo msambazaji atakosa pa kuyapeleka. Soko linasafishwa kuanzia mlangoni kwako, kwa sababu wewe ndiye wa kwanza mwenye nguvu ya kuukataa mzigo.

Na kama unataka bango, andika ukweli: "Bidhaa nzima hairudishwi kwa kubadili nia." Hakuna afisa atakayekusumbua kwa hilo.

Hadwea_Masasi

Hilo la kupima bati moja kabla ya kusaini nimelichukua mzee. Mikromita inauzwa, siyo kitu cha ajabu.

Mwanamahuta

Mzee wangu wa Lindi, shikamoo, na asanteni nyote. Nimerudi na habari.

Nilishuka Mtwara na fundi wangu na mabati mawili kwenye kirikuu, likiwemo lile tulilolisugua. Wakala wa Vipimo wamepima mbele yangu, wakaandika, wakasema watakwenda dukani wenyewe. TBS wameandikisha malalamiko na kuchukua bati moja la sampuli. Nilipofika dukani mwenyewe alikuwa ameshapata habari, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. Aliniita dada, akaniletea kiti.

Anasema yuko tayari kupokea yaliyobaki na kunirudishia fedha. Kwa yale 44 ya juu anasema hayamhusu, nimeshayatumia. Ila kabla ya kunipa hata senti anataka nisaini karatasi ambayo ameichapa, inasema "nimerudishiwa fedha zangu na sina madai mengine yoyote dhidi ya duka". Ndugu zangu wananiambia nisaini, nichukue, nisije nikakosa vyote. Moyo wangu unakataa. Mnanishaurije?

Mstaafu_Lindi

Marahaba mwanangu. Moyo wako uko sahihi, usisaini karatasi hiyo.

Mwambie utasaini uliyoiandika wewe: "Nimepokea shilingi kadhaa kwa ajili ya mabati kadhaa niliyoyarudisha leo. Madai ya mabati 44 yaliyopauliwa bado yapo." Basi. Hiyo ni risiti, na yeye ana haki ya kupata risiti. Kukuachisha haki nyingine zote kwa fedha ambayo ni yako tayari si jambo analoweza kulilazimisha. Na lile bati lenye mhuri uliosuguliwa usilirudishe hata akikulipa mara mbili. Moja liko TBS, moja hilo unabaki nalo, kwa hiyo unarudisha 16 na kupokea shilingi 576,000.

Kwa yale 44, hasara inahesabiwa kwa tofauti ya thamani: thamani ya kitu ulichoahidiwa, toa thamani ya kitu ulichopewa. Bei zote mbili ni zake mwenyewe, amekuonyesha dukani. Shilingi 36,000 toa 27,000 ni 9,000. Mara 44 ni shilingi 396,000. Hayo mawili ya ushahidi nayo yaongeze kwa hesabu hiyo hiyo, 18,000, inakuwa 414,000. Hata hapo umempa nafuu, maana geji 30 halali ingekuwa na mita tatu kamili.

Andika barua ya madai, ukurasa mmoja. Tarehe ya kununua, namba za risiti zote mbili, ulichoahidiwa, kilichopimwa na nani, hesabu hiyo hapo juu, na muda wa kulipa, tuseme siku 14. Nakala mbili, moja aigonge mhuri wa duka na kuisaini kwamba ameipokea. Akikataa kuipokea, ipeleke na shahidi na shahidi aandike hivyo. Asipolipa, nenda Mahakama ya Mwanzo ya Mtwara, kwa kuwa duka liko huko na mauzo yalifanyika huko. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba mpaka shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na hulazimiki kuwa na wakili. Malalamiko ya FCC yaendelee tu, hayazuiliwi na kesi ya fidia wala kesi haizuiliwi nayo.

Fundi_Kenchi

Mzee, na ufundi je? Akitaka kuyashusha yale 44 apige mengine, hela ya fundi na misumari anadai nani?

Mstaafu_Lindi

Swali zuri. Sheria ya Mikataba inaruhusu kudai hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa makubaliano, na muuzaji wa mabati anajua fika kwamba mabati yanapauliwa na kwamba fundi analipwa. Kwa hiyo inadaiwa, mradi kuna karatasi ya malipo ya fundi. Lakini achague njia moja: ama anaacha paa lilivyo na kudai tofauti ya bei, ama anashusha na kudai gharama ya kurekebisha. Hawezi kulipwa zote mbili. Na asishushe kabla TBS hawajatoa majibu ya sampuli.

Mwanamahuta

Nimeelewa. Paa la mbele nalikalia mpaka majibu ya TBS yatoke, na maji ya upande huo mama atatumia kufulia tu. Upande wa nyuma nitapaua kwa mabati mapya kutoka duka jingine, na Fundi_Kenchi, mikromita nimeshapata ya kuazima kwa mchomelea mageti hapa Mahuta. Barua naandika leo usiku, kesho mdogo wangu anashuka Mtwara kikazi ataipeleka na shahidi. Mzee, nikikwama kwenye hesabu au mwenye duka akija na karatasi nyingine nitaipiga picha niiweke hapa hapa, nikifuta jina la duka.